Kupiga picha za watu kwenye jua la saa sita Dar es Salaam: mwongozo kamili

Ushauri wa kwanza anaopewa kila anayeshika kamera ni kwamba picha za watu zipigwe asubuhi na mapema, au jioni jua likiwa limelala. Ni ushauri mzuri, ila kazi za Dar es Salaam haziusubiri. Ibada ya ndoa inakwisha saa sita na nusu, wahitimu wanatoka ukumbini saa saba na majoho yao meusi, familia iliyokuja kutoka Moshi inarudi leo leo, na shangazi wa bibi harusi ameshakusogelea: "Mwanangu, fanyeni upesi, watu wana njaa." Hapo utapiga, na picha hizo ndizo zitakazotundikwa sebuleni kwa miaka mingi.

Mwongozo huu ni wa saa hizo, kuanzia saa tano mpaka saa tisa mchana. Uwe na kamera kubwa au simu, kuna jambo moja la kulishika kabla ya mengine yote. Mchana jua linawaka juu ya utosi: linamulika nywele, pua na mabega, na macho linayaacha gizani. Mwanga unaofika machoni ni ule uliogonga kitu kingine kwanza, iwe sakafu, mchanga, ukuta au shuka, kisha ukarudi. Kazi yako yote ni kukitafuta kitu hicho. Mimi nikifika mahali naangalia chini kabla sijaangalia mandhari.

Hatua ya kwanza: soma jua lilipo

Dar es Salaam iko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linasimama wima juu ya kichwa na mlingoti hauna kivuli. Kati ya Machi na Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, na Juni linakuwa kwenye kimo cha nyuzi 60 hivi. Kati ya Oktoba na Machi linapita upande wa kusini, na Desemba kimo chake ni nyuzi 73 hivi.

Chukua ukuta wa kawaida wa mita tatu. Juni adhuhuri, upande wa kusini wa ukuta huo una kivuli cha karibu mita 1.7, na watu wawili wanasimama humo bila kubanana. Desemba kivuli kinahamia upande wa kaskazini na hakifiki hata mita moja. Mwanzoni mwa Machi hakuna kivuli upande wowote, kwa hiyo siku hizo usihangaike na kuta. Nenda moja kwa moja kwenye mapaa yaliyochomoza na chini ya miti.

Jua halifiki kileleni saa sita kamili. Mwanzoni mwa Novemba linafika kama saa sita na dakika saba, lakini katikati ya Februari ni saa sita na dakika 37 hivi. Ukiweza kuwabembeleza wenye shughuli wakusogezee ratiba mpaka saa nane na nusu, jua linakuwa limeteremka kiasi kuelekea magharibi, na ukuta ule ule uliokunyima kivuli adhuhuri unakupa cha kutosha upande wa mashariki. Omba hizo saa mbili mapema, wakati wa kikao cha kupanga shughuli. Siku yenyewe hakuna atakayekusikiliza.

Huna dira? Kivuli chako kinatosha. Mtu akielekeza uso kule kivuli chake kinakoangukia, amelipa jua kisogo.

Hatua ya pili: tafuta kivuli chenye mwanga mbele yake

Hapa ndipo kazi inapoamuliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Si kila kivuli kinafaa. Ukimwingiza mtu katikati ya kivuli kizito, uso unapoa na macho yanabaki yamezama. Unachotafuta ni mpaka, pale kivuli kinapokutana na jua, na ng'ambo ya mpaka huo pawe na ardhi ya rangi nyepesi inayopigwa na jua. Mwanga unadunda kutoka kwenye ardhi hiyo na kuingia usoni kwa mbele.

Mlango wa nyumba yoyote ya Magomeni au Ilala yenye ua wa saruji unatosha. Msimamishe mtu kizingitini, uso ukielekea uani, vidole vya miguu vikiwa kama sentimita 30 ndani ya mstari wa kivuli. Nyuma yake chumba ni giza, kwa hiyo mandhari yameshajisafisha yenyewe. Sasa mtazame machoni. Kwenye kila mboni utaona kijidoa cheupe, nacho ni ule ua uliopigwa na jua. Mrudishe hatua moja ndani: kidoa kinapungua, mashavu yanakuwa na vivuli zaidi pembeni, uso unapata umbo. Mrudishe hatua nyingine: kidoa kinakaribia kupotea na picha inakuwa ya huzuni. Msogeze tena mbele mpaka jua liguse ncha ya pua, kisha mrudishe nusu hatua. Hapo ndipo pake. Zoezi hili lifanye na ndugu yako nyumbani siku isiyo na kazi, maana ukishaliona kwenye mlango mmoja utaliona kila mahali: kwenye baraza la nyumba ya Kiswahili, chini ya mapaa ya maduka ya Posta, kwenye ngazi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Nkrumah, jengo lililokuwa kwenye noti ya shilingi 500. Hata bajaji iliyoegeshwa inafaa. Abiria akikaa ukingoni mwa kiti, paa linamkinga na jua, na barabara ya vumbi jeupe inamrudishia mwanga kutoka pembeni.

Miti nayo ina tabia zake. Mwembe mkubwa una kivuli kizito kisicho na matundu, na mkungu una matawi yaliyolala yanayofunika eneo pana. Miti hii miwili ni rafiki wa mpiga picha. Mwarobaini na mjohoro hupitisha vipande vya jua, na kipande kimoja tu kikitua kwenye paji la uso kimeiharibu picha. Mnazi ni mbaya kuliko yote kwa kazi hii, kwa sababu makuti yake yanachora mistari usoni. Mnazi uweke nyuma ya mtu, usimweke mtu chini yake.

Angalia pia rangi ya kinachodunda. Nyasi hurudisha kijani, na kijani chini ya kidevu kinaonekana kama ugonjwa. Hii ndiyo sababu bustani nzuri hutoa picha mbaya mchana. Waondoe watu kwenye nyasi, wasimamishe kwenye njia ya saruji au vitofali inayopita katikati ya bustani, nyasi zibaki nyuma yao. Ukuta mwekundu hutoa wekundu, lami nyeusi hairudishi kitu cha maana, na turubai la bluu la shughuli huwafanya wageni wote kuwa wa bluu. Turubai jeupe ni habari nyingine kabisa. Jua linapenya kitambaa na kugeuka kuwa mwanga laini uliosambaa, na ukimsimamisha mtu karibu na ukingo wa turubai hilo una studio nzima bila kulipia.

Katikati ya jiji kuta nyeupe ni hazina. Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1898 na 1902, lina kuta nyeupe zinazomwaga mwanga kwa yeyote anayesimama kivulini akizitazama. Kumbuka tu kwamba Ikulu haiko mbali na pale. Kamera usiielekeze Ikulu, kambi za jeshi wala bandarini. Na bustani za hoteli au za taasisi omba ruhusa kwanza. Mlinzi akiombwa vizuri mara nyingi anakuonyesha na kona nzuri asiyoijua mgeni.

Hatua ya tatu: panga kamera

Namba tatu zinaamua mwanga wa picha: f ni tundu la lenzi (namba ikikua, tundu linapungua), kasi ya shata ni muda ambao tundu linabaki wazi, na ISO ni wepesi wa kamera kuupokea mwanga. Kwenye jua kamili, kanuni ya zamani bado ni kweli: ukiwa f/16, kasi ya shata ni sawa na ISO. ISO 100 kwa f/16 ni 1/100 ya sekunde. Ukifungua lenzi hadi f/5.6 unahitaji 1/800, na ukifungua hadi f/2.8 unahitaji 1/3200. Ukitaka f/1.8 juani utagusa 1/8000, na kamera nyingi za bei ya chini huishia 1/4000. Kwa hiyo lenzi yako ya f/1.8 ifunge hadi f/2.8 ukiwa juani, au ivishe filta ya ND, kioo cheusi kinachopunguza mwanga.

Kwenye kivuli cha mlangoni anza na ISO 200, f/2.8 na 1/500, piga picha moja, kisha rekebisha. Kwa uso mmoja napendelea lenzi ya milimita 85, au 50 kama nafasi ni finyu. Piga RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaibana, kama kamera inaruhusu, kwa sababu mchana tofauti ya mwanga na giza ni kubwa na RAW inakuachia nafasi ya kurekebisha.

Mizani ya rangi usiiache ijiamulie. Mwanga wa kivulini unatoka kwenye anga la bluu, kwa hiyo ngozi inapoa na kuwa ya kijivu. Kwenye menyu kuna alama ya jua, alama ya wingu na alama ya kijumba chenye kivuli. Ukiwa kivulini chagua kijumba au wingu, na joto la ngozi litarudi.

Skrini mchana haisomeki. Jifunike kanga kichwani na kamera yako ndani yake, au angalia histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha kiasi cha giza na mwanga, badala ya kuiamini picha unayoiona. Washa pia onyo la kumeta kwa sehemu zilizoungua. Shela la bibi harusi likimeta, punguza mwanga kabla hujapiga ya pili.

Hatua ya nne: iheshimu ngozi

Mita ya kamera, ile inayopima mwanga, haimjui mtu. Inachukulia kwamba kila ilichoelekezewa kina mng'ao wa kijivu cha wastani, na kutokana na hilo inakosea kwa njia mbili tofauti ambazo watu huzichanganya.

Uso mweusi ukijaza fremu, kamera inaona giza na kuongeza mwanga, na ngozi inapauka. Hapo punguza mpaka stopu moja, wakati mwingine moja na nusu kwa mtu mweusi sana. (Stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu.) Lakini mtu huyo huyo akisimama mdogo kwenye fremu iliyojaa mchanga na anga, kamera inaona weupe mwingi na kupunguza mwanga, na uso unageuka kivuli kitupu. Hapo ongeza stopu moja hadi moja na nusu. Dawa ya uhakika ni kupima kwa nukta: chagua kipimo cha nukta, kinachopima sehemu ndogo tu ya fremu, kielekeze shavuni, amua mwanga wa shavu lile, kisha weka kamera kwenye M, pale unapopanga kila kitu mwenyewe, na usiiguse tena mpaka mahali pabadilike.

Maharusi ndio mtihani mkubwa. Bwana harusi amevaa suti nyeusi, bibi harusi shela jeupe, na nyuso zao huenda hazilingani rangi. Wote wawili waingie kivulini, yule mweusi zaidi asogee upande ule mwanga unakodunda, na mwanga uupime kwenye nyuso zao. Kisha kagua shela. Kupoteza uzi mmoja mmoja wa lesi kunavumilika, kupoteza uso hakuvumiliki.

Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa mng'ao. Mng'ao mpana na laini kutoka kwenye ukuta mweupe au shuka kubwa unachora taya na mfupa wa shavu kwa uzuri ambao ngozi nyeupe haiupati. Mng'ao mdogo na mkali, ule wa jua kwenye jasho, unaacha vidoa vyeupe visivyoondoka hata kwa kompyuta. Kwa hiyo uwe na leso safi au karatasi laini kwenye mfuko wa begi, na mwambie mtu agandamize paji la uso, pua na juu ya mdomo. Asisugue, kusugua huondoa poda. Kama mpambaji bado yupo, mwombe abaki mpaka picha ziishe. Usimpake mtu poda mwenyewe bila kumwomba, na kwa mwanamke aliyevaa hijabu mwachie dada yake au mpambe amrekebishe.

Filta ya polaraiza hupunguza mng'ao wa majani na kulikoza anga, na mchana inafanya kazi vizuri pande zote za upeo wa macho kwa kuwa jua liko juu. Lakini inaondoa na ule mng'ao mzuri wa shavuni. Naitumia kwa mandhari, usoni naizungusha mpaka ile ngozi ibaki hai.

Hatua ya tano: rudisha mwanga kwa mkono

Pale ambapo ardhi haisaidii, leta ardhi yako. Riflekta ya kukunja ya duara inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya picha, lakini karatasi mbili za manila nyeupe zilizogundishwa kwenye boksi gumu, au ubao mweupe wa povu unaokuja na friji mpya, vinafanya kazi hiyo hiyo. Upande mweupe ndio wa kutumia karibu muda wote. Upande wa fedha ni mkali na humfanya mtu akunje macho. Wa dhahabu hunigombanisha na kila shela jeupe, kwa hiyo unabaki kwenye begi.

Mtu wako akiwa kivulini, msaidizi asimame juani, mita mbili hivi mbele na pembeni kidogo. Jua likiwa wima, ubao uinamishwe nusu, nyuzi 45, ndipo mwanga unapotoka kwenda mbele. Uwe kwenye kimo cha kifua. Ukiwekwa miguuni mwanga unapanda kutoka chini, unamulika matundu ya pua na kufanya uso utishe. Mwambie msaidizi auzungushe taratibu huku wewe ukitazama macho ya mtu; kijidoa cheupe kikiwaka, mwambie asimame hapo hapo.

"Dada, fumba macho. Shusha pumzi. Nikisema sasa, fumbua unitazame." Maneno haya yanaokoa picha nyingi mchana. Kope zikifunguliwa kwa ghafla unapata sekunde moja ya macho mapana kabla hayajaanza kukunjamana. Na kabla ya hapo mwelekeze atazame kitu cheusi, begi lako au shina la mti, macho yapumzike.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: panda juu kidogo. Simama kwenye stuli au ngazi moja juu yake, akunyanyulie uso. Uso ulioinuka unapokea anga, na mashimo ya macho yanafunguka bila kifaa chochote.

Hatua ya sita: pasipo na kivuli kabisa

Coco Beach siku ya Jumapili, mchanga mtupu, bibi harusi anataka bahari nyuma yake. Ufukwe ule unatazama mashariki, na hilo ni la kuzingatia. Kabla ya adhuhuri jua liko upande wa bahari, kwa hiyo mtu aliyeipa bahari kisogo amelipa na jua kisogo. Baada ya saa saba jua limehamia upande wa barabara, na mtu yule yule sasa anapigwa na jua usoni. Basi picha za bahari zimalize mapema, mchana mgeuze, miti na mibuyu ya Oysterbay iwe nyuma yake.

Akilipa jua kisogo, nywele na mabega vinapata ukingo wa mwanga, na mchanga mweupe unamrudishia mwanga usoni. Pima usoni na ukubali kwamba anga litapauka. Kinga lenzi kwa kofia ya lenzi au kwa mkono, vinginevyo jua linaingia kwenye kioo na picha inapata ukungu. Kwenye kamera yenye kijidirisha cha kioo usilitazame jua moja kwa moja kupitia humo, linaweza kukuumiza jicho.

Njia bora zaidi ufukweni ni kutengeneza kivuli chako. Nunua Kariakoo kitambaa chepesi cheupe cha pazia, mita mbili kwa moja na nusu, na mabomba ya plastiki ya maji ya nusu inchi na kona zake kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Unaunga fremu, unakifunga kitambaa kwa kamba za mpira, na vijana wawili wanakishika juu ya kichwa cha mtu, chini kadiri inavyowezekana ila kisionekane kwenye picha. Kikiwa karibu mwanga unakuwa laini, kikipanda juu unarudi kuwa mkali. Hakikisha kivuli chake kinafunika kichwa, mabega na mikono yote, maana kiwiko kilichobaki juani kitawaka. Upepo wa pwani hauna huruma. Kusi likivuma, kiegemeze upande upepo unakotoka na wala usimwachie mtu mmoja.

Kuna wakati nalitumia jua kali kama lilivyo. Mtandikie mtu mkeka au kitenge, alale chali, wewe simama juu yake kwenye stuli: jua la utosini sasa limekuwa jua la mbele, na vivuli vya macho vimekwisha. Macho yafumbwe, au uso ugeuke pembeni. Angalia kivuli chako kisimwangukie. Kofia ya ukili yenye matundu inamwaga nukta za jua shavuni. Hapo madoadoa yale niliyoyakataa chini ya mwarobaini yanakuwa pambo, kwa sababu umeyapanga wewe. Rangi za kitenge zinapenda mwanga huu. Mzee wa miaka sabini hauhitaji, mtu wa namna hiyo mpeleke mlangoni.

Flashi, kwa walio nayo

Mchana kazi ya flashi ni kujaza vivuli tu. Kamera nyingi hufanya kazi na flashi ya kawaida kwa kasi isiyozidi 1/200 au 1/250. Kwa ISO 100 na 1/200 juani unalazimika kufunga lenzi hadi f/11, na flashi ndogo ya juu ya kamera inapata tabu kufika huko, hasa ukiifunika softboksi, kile kiboksi cha kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga. Ondoa tatizo kwa umbali. Ukiisogeza kutoka mita 3 hadi mita 1.5, mwanga unaomfikia mtu unaongezeka mara nne. Ukitaka mandhari yafifie kwa f/4, funga filta ya ND8, inayopunguza stopu tatu, na ubaki 1/200. Hali ya shata ya kasi kwenye flashi inakuruhusu kuvuka 1/200, ila inakula nguvu nyingi na betri zinakwisha upesi, hivyo beba akiba.

Anza flashi ikiwa chini ya mwanga wa jua kwa stopu moja na nusu. Ikionekana kwamba flashi ilitumika, imezidi.

Makundi ya familia

Ukoo wa watu ishirini hauingii mlangoni. Tafuta upande wa jengo wenye kivuli, wapange wote ndani ya mstari, pasiwe na hata mguu mmoja juani. Kama kivuli hakitoshi, wape wote jua kisogo na uwapige kutoka juu ya ngazi kwa f/8. Wazee na wajawazito waite mwisho, wapigwe kwanza, warudi kivulini. Watoto usiwaambie watabasamu. Mwambie babu yao awasalimie.

Simu

Kila kilichosemwa kuhusu mlango, ukuta na mchanga kinafanya kazi kwa simu bila kubadilika. Futa lenzi kwanza, maana mafuta ya vidole juani yanaleta ukungu. Gusa uso kwenye skrini, shikilia hadi ifunge, kisha teremsha mwanga kidogo kwa kidole hadi ngozi irudi kwenye rangi yake. Usivute karibu kwa vidole, tembea. Zima kipodozi cha kulainisha uso.

Joto, chumvi na ukungu

Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi na kuingia kwenye unyevu wa Dar, kioo cha lenzi kinafunikwa na ukungu papo hapo. Toa begi nje likiwa limefungwa kama dakika 20 kabla ya kuanza. Kamera isiachwe juani ikielekea juu. Baada ya ufukwe ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, kwa kuwa chumvi hula vyuma polepole. Maji ya kunywa nunua ya kutosha, yako na ya unaowapiga. Mtu mwenye kiu haonyeshi uso mzuri.

Kusafisha picha

Shusha sehemu zenye mwanga mkali kwanza, kisha inua vivuli kidogo. Ukiviinua sana, picha inapoteza mchana wake na kuonekana kama katuni. Rekebisha mizani ya rangi kwenye picha moja, inakili kwa zote zilizopigwa mahali pale. Kijani cha chini ya kidevu kipunguze kwa kushusha ukolezaji wa kijani na njano hapo tu.

Na usimpaushe mtu. Studio nyingi zimezoea kumng'arisha kila anayelipia, na familia inapokea picha ya mtu wasiyemjua. Fungua picha kando ya ile ya mkononi mwake au shingoni uliyoipiga kivulini, linganisha, acha rangi yake ilivyo. Mteja akiomba awe mweupe, mwonyeshe kwanza ile uliyoipima vizuri. Wengi wakijiona walivyo kwenye mwanga mzuri hawaombi tena.

Picha za kuchapa zitazame kwenye skrini isiyowashwa mwanga wa juu kabisa, la sivyo zitatoka nyeusi. Zile za kutuma kwa WhatsApp zitume kama faili, kwa sababu zikipita kama picha za kawaida zinabanwa, na kijidoa kile cheupe machoni ulichokihangaikia mchana kutwa kinageuka doa lisiloeleweka.